Risasi za "match" kwa pofu wa mita mia sita: nilikuwepo, na kisu changu hakikupata kazi

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Juma lililopita kulikuwa na uzi humu, watu wanagombana kama risasi za match, zile za kushindania shabaha, zinafaa kuwindia wanyama wakubwa kwa mbali au hazifai. Nimeusoma wote mpaka mwisho. Wenye sauti kubwa kuliko wote ni wale waliojifunza uwindaji kwenye video, wamekaa sebuleni wamekunja nne, mnyama pekee waliyemkaribia ni mbuzi wa Idd.

Mimi sina rekodi ya kupiga mita elfu. Nina niliyoyaona. Na sina haja ya kutia chumvi, maana nyama yenyewe sikuila.

Nijitambulishe kidogo.

Ni fundi magari. Nimezaliwa Buyenzi, siku hizi naishi Musaga, hapa hapa Bujumbura. Kila kiangazi navuka kwenda Tanzania, kwenye kambi moja ya uwindaji wa leseni, kuyatengeneza magari yao. Huu ni mwaka wa saba.

Kule kambini nina kazi ya pili ambayo haimo kwenye mkataba. Mimi ndiye mchinjaji.

Kwa wasiojua: zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kambi ile ni Waislamu. Mgeni anapiga mnyama, mnyama anaanguka, lakini mgeni si mwenzetu na hakusoma bismillahi. Kwa hiyo mmoja wetu lazima atoke mbio na kisu, amfikie mnyama roho ikiwa bado imo, amchinje. Ukimkuta amekufa, kwetu huo ni mzoga, hata awe amenona vipi. Tafadhali msinianzishie mjadala wa fiqhi. Ndivyo tulivyokubaliana kule na ndivyo tunavyokula.

Wageni wengi hawaipendi habari hii, kwa sababu kisu kinaharibu ngozi ya shingo na wao wanataka kichwa cha kutundika ukutani. Tumeshazoea kununiwa.

Kabla yangu mchinjaji alikuwa marehemu Idi, mtoto wa Buyenzi mwenzangu. Alikuwa mfupi, ana kitambi, ukimwona huwezi kumdhania. Lakini mgeni akianza tu kulenga, Idi ameshavua viatu. Risasi ikilia, yeye yuko njiani. Homa ilimchukua mwaka jana, na kisu chake mke wake akanikabidhi mimi.

Huyo mke anaitwa Zaituni. Naye ni wa Buyenzi, alimfuata mumewe wakajenga kwenye kijiji kilicho jirani na kambi, na hajarudi huku. Mwaka huu hitma ya kutimiza mwaka wa Idi iliangukia katikati ya msimu. Nilikwenda kwake, nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe: shemeji, wewe tafuta mchele, nyama niachie mimi.

Wala sikuwa najigamba. Kulikuwa na mgeni anakuja na leseni ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, na pofu dume mmoja analisha kijiji kizima na mbwa wake.

Sasa tuje kwa huyo mgeni.

Alikuwa mtu wa hapa hapa Buja. Nitamwita Patron, yaani bosi, kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa. Nyumba yake iko Kigobe, anauza vifaa vya ujenzi, gari lake natengeneza mimi, na mimi ndiye niliyempa habari za kambi. Ni Mkatoliki, mtu mkarimu, hana ubaya na mtu. Nilipomweleza habari ya hitma, tukiwa bado gereji, alisema nyama yote ya pofu ni ya marehemu, shingo nikate nipendavyo, yeye anataka pembe tu.

Nilimpenda sana siku ile, sitaki kumdhulumu.

Tatizo la Patron ni moja. Amesoma. Na amesoma mtandaoni.

Alishuka kambini na bunduki ndefu kama ngazi. Darubini juu yake ina vigurudumu vya kuzungusha kila upande. Ana kifaa cha kupima umbali, ana kingine cha kupima upepo, ana app kwenye simu inayojumlisha vyote hivyo na kumwambia azungushe kigurudumu mara ngapi. Kilichokosekana ni rubani tu.

Na risasi zake zilikuwa za match.

Jioni ile ya kwanza Lameck aliokota boksi mezani. Lameck ndiye anayeongoza wageni porini, kwa cheo anaitwa mwindaji bingwa. Akalisoma kwa sauti, polepole kama mtu anayesoma wosia. Boksi lenyewe linasema risasi hizi ni za mashindano ya shabaha, haishauriwi kuwindia.

Patron akacheka. Eti hayo maneno kampuni inaandika kwa kuogopa wanasheria tu, wakubwa wote wa mtandaoni wanazitumia.

Mtengenezaji amekuandikia usiitumie, wewe unajibu kwamba anatania. Mimi ni fundi, watu wa namna hii nawajua. Ndio wanaotia mafuta ya breki kwenye usukani halafu wanakuletea gari kwa kamba.

Nieleze kwa lugha ya gereji, maana kwenye ule uzi mlizungushana sana.

Risasi ya kuwindia ina ganda nene. Ikiingia mwilini inafunguka mbele kama uyoga, inabaki na uzito wake, inaendelea kwenda mpaka ndani kabisa kunakouma. Ya match ina ganda jembamba. Puani ina kitundu kidogo, na hapa ndipo mnapodanganyana: mnakiona kitundu mnasema itafunguka. Kitundu kile kimetokana na jinsi inavyoundwa ili iruke imenyooka. Hakikuwekwa pale kwa ajili ya nyama. Kazi ya risasi ile ni kutoboa karatasi, na karatasi haina bega.

Kwa hiyo ikifika ina mwendo mkali ikakutana na mfupa, inapasukia juu juu. Ikifika kutoka mbali imechoka, inaweza kupita kama msumari, inaingia ndogo na kutoka ndogo. Katikati ya hapo zipo siku inapasuka mahali pake na mnyama anakaa chini palepale. Sikatai. Siku hizo ndizo mnazozileta humu na picha. Zile nyingine mnaziacha porini.

Kesho yake Patron alijaribu bunduki kwenye karatasi. Matundu matatu, ukiyafunika kwa kizibo cha soda hayaonekani. Kambi nzima ilipiga makofi.

Na mimi nilipiga.

Jumamosi asubuhi tukaingia porini. Tulikuwa wanne: Patron, Lameck, Masudi ambaye ni mtafuta nyayo, Mwislamu mwenzangu, na mimi na kisu changu. Hitma ilikuwa Jumapili.

Saa mbili hivi Masudi akasimama. Ng'ambo ya mbuga kulikuwa na pofu dume peke yake, shingo nene inaning'inia, anakula bila wasiwasi. Upepo ulikuwa unatujia usoni. Kulikuwa na korongo kavu linalotupeleka mpaka karibu. Lameck akasema tunashuka humo, kwa nusu saa tuko mita mia moja na hamsini.

Patron akatoa kifaa akapima. Mita mia sita kasoro kidogo. Akasema anapigia hapo hapo.

"Kutambaa ni ya watu hawana vifaa," akasema.

Lameck akatazama juu, akatazama chini, akakubali. Huyo ndiye mwindaji bingwa wetu. Kinywa anacho, lakini anataka mgeni arudi na mwaka ujao.

Patron akalala chini, akafungua miguu ya bunduki, akaanza ibada yake. Upepo. Umbali. Joto. Zungusha huku, rudisha kidogo. Mimi nilikuwa nimeshalegeza kamba za viatu.

Ndipo akanigeukia akaninyooshea simu yake.

"Kamata, unichukue video. We una mukono mutulivu."

Wakuu, hapa ndipo ninapojichukia. Nilijua kazi yangu. Nilijua na umbali ule, kwamba hata nikitoka mlio ukiwa bado masikioni nina njia ndefu mbele yangu. Lakini simu ilikuwa nzuri, na mwenye simu ni mtu mkubwa wa kwetu amenisifia mkono. Nikasimama nyuma yake kama mpiga picha wa harusi.

Bunduki ikalia. Baada ya kitambo mlio wa risasi kugonga mwili ukaturudia. Pofu akatetemesha ngozi kama ng'ombe aliyeumwa na nzi, akageuka, akaingia kwenye miti. Hakukimbia hata. Alitembea.

Patron akasema amekwisha. Lameck akasema tungoje kidogo, tusimsukume.

Tukangoja. Mnajua tulichofanya tukingoja? Tuliangalia video. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu tukiipunguza mwendo tuone risasi ilipoingia, mara ya nne kwa raha tu. Sauti yangu imo mle ndani: "Tayari Patron, tayari, mupige." Ya furaha kabisa. Masudi peke yake hakuja kuangalia, alibaki amesimama anatazama miti.

Kuivuka mbuga ile ni shughuli. Udongo mweusi umekauka na kupasuka, mguu unazama mpaka kifundo. Tulipofika mahali alipopigiwa, damu ilikuwa matone, kama ya mtu aliyejikata akinyoa ndevu.

Masudi akafuata matone akaingia kwenye miti. Hatua kama mia mbili tu, akachuchumaa. Nyasi zilikuwa zimelazwa, sehemu kubwa, na hapo damu ilikuwepo ya kutosha. Akaweka kiganja juu ya nyasi.

"Alilala hapa," akasema. "Alitungoja."

Patron akawa anaangalia app yake, sijui alikuwa anatafuta nini humo.

Basi tukaanza kufuata. Saa nne, saa sita, saa saba. Jua mnalijua. Matone mawili hapa, tone moja kule, halafu hatua hamsini hakuna kitu, Masudi anarudi nyuma anaanza tena. Bunduki yake ya ngazi Patron akaibadilisha bega mara nyingi mpaka Masudi akamsaidia kuibeba. Vile vifaa vyake havikuwa na kimoja cha kupima matone.

Saa nane tukamwona. Amesimama chini ya mninga, hatua arobaini, kichwa kimeinama. Amechoka kuliko sisi.

Lameck akainua bunduki yake kubwa, ile ya kumalizia. Patron akamshika mtutu akaushusha. Eti pofu ni wake, hataki apigwe na mtu mwingine. Akachukua ngazi yake, akalenga bega, akapiga.

Hatua arobaini, wakuu. Mtu yeyote angesema hapo imekwisha.

Risasi ilipasukia begani. Pofu akayumba, akapiga goti moja, akainuka, akaondoka na miguu mitatu. Lameck akafyatua ya kwake, ikala mti. Masudi akarudi kwenye nyayo.

Tulimpata saa kumi kasoro. Safari hii Masudi aliponyoosha kidole nilikuwa nimeshavua viatu. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, miiba yote ya pori lile naijua kwa majina. Nilifika nikapiga magoti kichwani kwake, nikaweka kidole juu ya jicho.

Halikupepesa.

Nikaweka mkono kifuani. Mwili wa moto kabisa, na ndani kimya.

Wenzangu wakafika wanahema. Patron akaniangalia, akaangalia kisu, akaelewa. Ni mwepesi wa kuelewa, hilo sitamnyima.

"Kata tu," akasema. "Bado iko moto. Nani atajua?"

Masudi alikuwa na njaa tangu alfajiri, na wiki nzima kambini ilikuwa maharage. Hakusema kata, hakusema usikate. Akageuza uso akawa anatazama pembeni, anasubiri mimi niseme alikuwa hai, ili na yeye ale akiwa hana habari.

Nilisema sitii chumvi, basi chukueni. Kisu nilikitoa. Nilikiweka shingoni kwa yule mnyama. Kichwani niliziona sufuria alizoazima Zaituni kwa ajili ya kesho, nikaona damu kidogo itatoka, itatosha kuchafua kisu, na kisu chenye damu hakuna anayekiuliza swali.

Kisha nikakumbuka ni kisu cha nani na hitma ni ya nani. Ningewalisha watu mzoga kwenye dua ya Idi, kwa kisu cha Idi.

Nikakirudisha alani.

Wachunaji walikuja na gari wakamfungua, nikasimama pale kuangalia kwa sababu nilitaka kujua. Risasi ya kwanza iliingia nyuma ya bega, chini kidogo, ikatoka upande wa pili. Tundu la kuingilia na la kutokea yalilingana, kalamu ingepita. Pafu lilikuwa na njia nyembamba tu, mnyama mkubwa namna ile anaweza kutembea nayo mchana kutwa, na alitembea. Ya pili ilichimba jeraha pana kama sahani juu ya bega, ikaishia hapo. Vipande vya ganda vilikuwa vimetapakaa chini ya ngozi kama maganda ya karanga. Mfupa ulikuwa na ufa.

Risasi za aina moja, boksi moja, mnyama mmoja. Moja ilikataa kufunguka, nyingine ikakataa kuingia. Patron, aliyepiga picha hata chai ya asubuhi, hakupiga picha jeraha lolote kati ya hayo.

Nyama haikutupwa. Wakristo wa kijiji waliigawana wakala vizuri, na sina kinyongo nao.

Jioni nilikwenda kwa Zaituni. Patron akasema anakuja, haachi mtu aende kuomba radhi peke yake kwa jambo lake. Narudia, si mtu mbaya.

Zaituni alisikia gari akatoka. Sufuria kubwa za kuazima zilikuwa zimepangwa ukutani, zimeshaoshwa. Hakuniangalia mimi kwanza. Aliangalia nyuma ya gari.

"Ulimukuta muzima?" akauliza.

"Apana, shemeji."

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza ganda jembamba, nikamweleza kitundu cha puani, mwendo, mfupa, yote niliyowaeleza ninyi hapo juu. Mwanamke ana watu wa kulisha kesho, mimi namsomesha risasi.

Patron akataka kunisaidia. Akatoa simu, akamwekea ile video, ili aone shabaha ilikuwa nzuri na iliyokosekana ni bahati tu.

Zaituni aliishika simu kwa mikono miwili akaiangalia mpaka mwisho. Sauti yangu ikasikika pale uani: tayari Patron, tayari, mupige. Akairudisha kwa mwenyewe, kwa adabu. Ndipo akaniangalia.

"Ni we ulikuwa umeshika iyi simu?"

"Ndiyo, shemeji."

"Idi angekimbia," akasema. Akaingia ndani kuendelea kuchambua mchele.

Hitma ilisomwa. Tulikula wali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wale aliotumiwa kutoka huku Buja, naamini walikuwa akiba yake ya miezi. Patron alikula sahani mbili akasifia.

Siku hizi video iko kwenye status yake. Ameikata pale pofu anapotetemesha ngozi, pakawekwa muziki. Jamaa zake wa mtaa wa Mutanga Sud wanamwita sniper. Nikienda kumpa gari lake ananiuliza kama nimeiona.

Nilichojifunza, wakuu.

Mnyama mkubwa mpelekee risasi iliyotengenezewa mnyama mkubwa. Karatasi haikimbii, hailali kwenye nyasi kukungoja, na haina mtu anayeisubiri kwenye sufuria. Aliyeitengeneza amekuandikia kwenye boksi, msome. Na kama kuna korongo la kukufikisha mita mia na hamsini, shuka kwenye korongo, utachafua suruali na suruali hufuliwa.

Hiyo ni ya Patron na wenzake. Ya kwangu ni fupi zaidi: ukiwa na kazi ya kukimbia, usishike simu ya mtu.

Kisu bado ninacho. Zaituni hakukidai, na mimi sijathubutu kukaa mbele yake nimrudishie.

Wenye uzoefu na risasi hizi, uwanja ni wenu, hata wa kunitukana karibuni. Ila kabla hujaniandikia ulipiga mita ngapi, anza na lile swali la Zaituni: ulimkuta mzima?